Mdomo wa Bomba

Mwaka wa hamsini na mbili Kanyenye, mtaa wa mjini Tabora, ilikuwa na mafundi baiskeli wanne, na watatu kati yao ungewasikia kabla hujawaona, maana fundi asiyejua kazi lazima ajue kuimba. Wa nne ni Raymundi. Huyu alikaa kimya nyuma ya nyumba yake, ndani ya kibanda cha mabati, na watu walimfuata huko huko: makarani wa reli, makatekista, wachuuzi wa asali. Siku zile baiskeli ilikuwa mali ya kweli. Mwenye baiskeli alipewa kiti msibani hata kama hakuwa na undugu wowote na marehemu.

Kazi iliyompa Raymundi jina ni kuchonga mdomo wa bomba. Niieleze, maana bila hiyo hutamwelewa yeye wala yaliyompata. Kiwandani huko Ulaya mabomba ya fremu huunganishwa kwa vikombe vya chuma. Bomba huingia kikombeni, shaba ikayeyushiwa humo, kazi ikaisha. Lakini kikombe kikipasukia Tabora hapana kingine cha kutia. Hapo ncha ya bomba jipya lazima ichongwe hadi ifanye mdomo, na mdomo ule ulikumbatie bomba la usukani pande zote, pasibaki nafasi hata ya kupitisha unyoya wa kuku.

Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na jiriwa ya kubania chuma aliyoipigilia kwenye gogo la mninga, msumeno wa chuma, tupa mbili, moja bapa na moja yenye tumbo, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kuchochea makaa. Mabomba aliyaokota katika vyuma chakavu vilivyoshuka na treni kutoka mashamba ya karanga ya Urambo. Shaba yake ilikuwa masango, zile waya nene ambazo misafara ya zamani ilizileta kwa mizigo, na mabibi wa Unyamwezi walikuwa bado wanazo chini ya vitanda vyao. Alitia tinkali kidogo, ule unga mweupe unaoifanya shaba itiririke, halafu akavuta mivukuto.

Aliyemfundisha ni Shaban, Mmanyema mfupi mwenye hasira za karibu, aliyemlea kazini miaka sita na kumpiga mgongoni kwa bapa la tupa kila alipokosea. Shaban alikuwa na neno moja, akalirudia mpaka kufa kwake. "Shaba ni gundi, si chakula," alisema. "Usililishe bomba shaba. Mdomo ukilala vizuri, shaba tone moja inatosha. Mdomo ukiwa mbaya, hata ukimimina sufuria nzima unadanganya watu tu."

Alimfundisha pia mstari. Bomba la chini la baiskeli lina midomo miwili. Wa juu hukumbatia bomba la usukani, ambalo limesimama. Wa chini hukumbatia kikombe cha pedeli, ambacho kimelala. Ukikosea baina ya miwili hiyo hata kwa upana wa ukucha, bomba zima linakaa kombo. Kwa hiyo kwanza unapiga mstari wa chaki kutoka ncha hadi ncha, kisha unaviringisha karatasi ya mfuko wa saruji, unachora mdomo kwa kuufuata ule mstari, ndipo unashika msumeno. Raymundi aliufuata mstari ule miaka kumi na tatu. Siku moja hakuufuata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Karani mmoja wa boma alikuwa amekaa kibandani anasubiri gurudumu lake, na alikuwa mtu wa kutazama saa. Kornel, mdogo wake Raymundi, akaingia anasukuma baiskeli iliyopasuka bomba la chini.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Umeifanya nini tena?"

"Mizigo, kaka. Lakini usisumbuke. Niwekee lolote tu, nifike nayo nyumbani Ntalikwa leo."

Hebu tuseme ukweli. Mteja wa mbali hupewa kazi, ndugu hupewa maneno. Mfinyanzi hulia gaeni, na ndugu yake pia. Raymundi alitwaa bomba, akakata midomo yote miwili kwa kukisia kwa macho, jicho moja kwenye bomba na jingine kwa karani. Alipolipachika, mdomo wa juu ukagusa upande mmoja tu. Upande wa pili palibaki pengo la kuingiza njiti ya kiberiti. Aliliona. Bomba lingine lilikuwapo limeegemea ukuta, hatua mbili kutoka aliposimama. Karani akakohoa. Raymundi akatia tinkali, akalijaza lile pengo shaba, akalilainisha kwa tupa na kulipaka rangi nyeusi.

"Ah, kaka!" Kornel alipitisha kidole pale. "Hata mtu haoni ilipoungwa."

Akapanda, akapiga kengele mara mbili bila sababu yoyote, akaondoka.

Kabla mwezi haujaisha, Kornel alikuwa anateremka kwenye kijito cha kuingilia Ntalikwa, ana gunia la mahindi nyuma, bomba likaachia. Gurudumu la mbele likajikunja chini ya fremu, naye akaangukia mawe kwa shingo. Walimbeba kumrudisha mjini, lakini hospitali alifikishwa maiti. Watu walisema ni lile teremko, wengine gunia, wengine wakasema ajali haina kinga. Bomba hakulitaja mtu. Nani angelitaja, nalo limechongwa na Raymundi?

Makaburini Raymundi alishika jeneza upande wa kichwa. Padre alisoma, akina mama wakalia, Bertila, mjane wa Kornel, akashikwa na watu wawili asianguke. Raymundi alitupa udongo wake akarudi mahali pake. Hakulia. Wanaume wakamtazama wakaambiana kwamba Raymundi kweli ni mwanamume, amejikaza. Watu bwana, husifu hata wasichokijua. Hakuwa amejikaza. Hapakuwa na kitu ndani cha kukikaza.

Alikuwa amekufa ganzi, mwili na moyo. Siku zilizofuata alikula alichowekewa, akajibu alichoulizwa, akatengeneza alicholetewa. Asubuhi moja alishika bomba lililotoka motoni sasa hivi, akavitazama vidole vyake vikiungua, akakumbuka kuachia baadaye kidogo. Mkewe Apolinaria alimfunga kitambaa akilia kwa hasira. Yeye alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu anayefunga mzigo wa mtu mwingine.

Alijua kilichomkausha. Msiba wa kujitakia hauna kilio, wazee walisema, na wa kwake aliuchonga mwenyewe kwa mikono miwili mchana kweupe. Angemlilia Kornel kwa haki gani? Kulia ni kwa waliofiwa. Yeye alijiona yuko upande mwingine, upande wa lile teremko na yale mawe. Na kusema pia hakusema. Alinyamaza wiki ya kwanza kwa kuwa Bertila alikuwa hajiwezi, wiki ya pili kwa kuwa alinyamaza ya kwanza, na baada ya hapo kunyamaza kukawa ndiyo kazi yake ya pili.

Ikafika siku ya kuanua matanga. Ukoo ulikutana uani kwa Bertila huko Ntalikwa, vitu vya marehemu vikagawanywa kama desturi: koti kwa mjomba, jembe kwa binamu, rozari kwa mtoto mkubwa. Baiskeli ilipotajwa, Bertila alizungumza mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Baiskeli naomba apewe ndugu yangu Silasi," alisema. "Ndiye atakayetubebea mahindi mimi na wanangu. Na shemeji Raymundi ndiye aitengeneze."

Wazee wakakubali kwa pamoja. Nani mwingine? Fundi wa ukoo yuko hapa hapa. Wakageuka wakamtazama.

"Ndiyo," Raymundi alisema.

Silasi akaileta siku ya pili, kaibeba begani toka Ntalikwa. Alikuwa mkulima wa miaka thelathini, mpole, mrefu kiasi cha kuinamia mlango wa kibanda, mwenye tabia ya kusalimu mtu akimtazama miguu. Aliiegemeza ukutani, akaaga.

Raymundi aliigeuza pale ilipovunjikia. Sikwambii alichokiona, kwa kuwa alikuwa amekiona tayari ile Jumamosi. Shaba ilikuwa imebanduka nzima nzima kama gaga la kidonda, na chini yake bomba lilikuwa na kutu changa. Upande ule halikuwahi kugusana na mwenzake hata siku moja. Alipitisha kidole pale pale Kornel alipopitisha chake. Alisubiri lolote limjie. Halikuja, akachukua msumeno.

Akapiga mstari wa chaki. Akaviringisha karatasi, akachora, akakata pande mbili kwa msumeno, akalibana bomba kwenye jiriwa na kuanza kula chuma kwa ile tupa yenye tumbo, polepole, akipima kila baada ya mikwaruzo mitano. Alipolipachika akalielekeza juani kutazama kama mwanga unapenya. Haukupenya popote. Akalichomoa, akaliweka pembeni, akatwaa bomba lingine akaanza upya.

Ilikuwa kazi ya nusu siku. Ilimchukua siku tatu. Wateja walikuja wakaambiwa warudi kesho, na kesho wakaambiwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Apolinaria alileta ugali, akayakuta mabomba matano yamelala chini kwa mstari, kila moja na mdomo wake.

"Hili lina kasoro gani?" aliuliza akiinua moja.

"Halina."

"Na hili?"

"Hilo pia halina."

"Sasa Raymundi, unachonga nini?"

Raymundi alipuliza vumbi la chuma kwenye tupa. Mikono ilikuwa inafanya kazi nzuri kuliko zote ilizowahi kufanya, wala haikumhusu, kana kwamba aliiazima kwa jirani. Kila mdomo uliokaa vizuri ulimwambia neno lile lile: kumbe ulikuwa unaweza. Apolinaria akaufunika ugali, akalichukua bomba la mwisho akamkabidhi mkononi.

"Unga hili," alisema. "Mkono wako unatosha. Hilo lililobaki si la tupa."

Akaliunga. Shaba tone moja tu ilitosha, ikatambaa ikazunguka mdomo na kujificha yenyewe. Safari hii hakupaka rangi. Aliliacha jeupe, kiungo kionekane na kila mwenye macho.

Alhamisi asubuhi Bertila na Silasi wakaja kuichukua. Bertila alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Walipofika mlangoni, kibandani hapakuwa na mteja.

"Mwangaluka, shemeji," Silasi alisalimu kwa salamu ya nyumbani, macho kwenye miguu ya Raymundi.

"Mwangaluka."

"Shikamoo, shemeji," Bertila akasema.

"Marahaba. Watoto?"

"Wazima."

Silasi akashika usukani, akaibonyeza baiskeli chini mara mbili kwa uzito wake, akatabasamu. Akaanza kuigeuza.

"Ngoja," Raymundi alisema. "Usiipande kwanza."

Wakasubiri. Alikuwa amejiandalia maneno usiku kucha, marefu, yenye Mungu na mapenzi yake ndani. Yalipotoka yalikuwa mafupi, na sauti ilikuwa ya karani anayesoma tangazo la kodi.

"Lile bomba lililomuua Kornel nililichonga vibaya. Halikugusa upande mmoja. Nililiona pengo, nikaliziba kwa shaba, nikapaka rangi. Bomba lingine lilikuwapo. Nilikuwa na mteja anasubiri."

Silasi aliachia usukani kana kwamba umepata moto. Bertila alitazama huku na huku, akaona debe lililofunikwa chini, akalikalia. Akanyoosha khanga magotini.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Ilikuwa inalia, shemeji. Wiki nzima kabla ya siku ile. Kila akikanyaga pedeli, kwii, kwii. Watoto wakawa wanaiigiza, wanakimbia nyuma yake uani wanasema kwii, kwii. Nikamwambia, baba, hii irudishe kwa kaka yako aitazame. Unajua alinijibu nini?"

Raymundi alitikisa kichwa.

"Alisema, nitamrudishiaje kaka kazi yake mbele ya watu? Si nitamvua nguo? Nitapita siku nikimkuta peke yake, nimwambie taratibu." Bertila akaonyesha mlango kwa kidevu. "Alipita hapa mara mbili. Hakukukuta peke yako."

Ndipo Raymundi akakumbuka. Mara ya kwanza kulikuwa na watu wa reli, mara ya pili katekista na wenzake. Kornel aliiegemeza baiskeli kwenye mwembe wa nje, akaja akasimama pale mlangoni anachekacheka. Aliomba maji. Akanywa, akauliza habari za Apolinaria, akasubiri kidogo, akaaga. Raymundi hata hakuinua uso kutoka kwenye jiriwa. Alimwambia, haya, wasalimie.

Kwa hiyo Kornel alijua. Alishuka teremko lile akiisikia, kwii, kwii, akiwa amembebea kaka yake heshima pamoja na gunia la mahindi. Katika nchi hii mdogo hamwambii mkubwa kwamba kazi yake ni mbovu. Anazunguka, anaomba maji, anangoja watu waondoke. Tumelelewa hivyo na tunawalea wengine hivyo, na kwa kawaida hakuna anayekufa.

"Silasi," Raymundi aliita.

"Naam, shemeji."

"Hii ikilia, hata kidogo, uilete siku hiyo hiyo. Nikiwa na watu, nikiwa na mkuu wa wilaya mwenyewe, unaingia unaniambia. Umesikia?"

"Ndiyo, shemeji," Silasi alisema, akitazama miguu ya Raymundi.

Ilikuwa ile ile ndiyo. Raymundi aliitambua mara moja. Ni ndiyo ya mtu mwenye adabu, na mtu mwenye adabu angepita hapa mara mbili na kunywa maji.

"Hapana. Usiniambie ndiyo. Niambie, kazi yako mbaya."

"Shemeji?"

"Sema hivyo hivyo. Kazi yako mbaya. Nataka niisikie ikitoka kinywani mwako kabla hujaipanda."

Jasho lilimtoka Silasi usoni asubuhi ile ya baridi. Akamtazama dada yake kama mtu anayeomba kuokolewa. "Siwezi, shemeji," alinong'ona. "Wewe ni mkubwa. Na kazi yenyewe naiona nzuri."

"Ataweza lini, basi?" Raymundi alimuuliza Bertila, na sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. "Ikishaachia?"

Bertila akainuka. Mjane wa mdogo hasimami mbele ya shemeji mkubwa akamkazia macho. Tangu aolewe hakuwa amefanya hivyo hata mara moja. Alisimama, akamtazama usoni.

"Kazi yako ilikuwa mbaya, shemeji," alisema. "Uliiona ni mbaya ukampa ndugu yako. Na mume wangu amekufa."

Silasi akageukia ukuta kwa aibu.

"Ndiyo," Raymundi akasema.

Ikamuuma. Iliingia mahali ambapo kwa wiki zote zile hapakuwa na mlango, ikamuuma mpaka akakaa chini kwenye vumbi la chuma na kumlilia Kornel kwa sauti, akimwita jina, bila kujali anayepita nje. Apolinaria akatoka ndani mbio akasimama mlangoni. Na Bertila, ambaye kwa desturi ndiye aliyepaswa kumwambia pole shemeji, nyamaza, hakumwambia.